Uchafu Usio na Sababu Haumtishi Mtu

Wiki ya mwisho ya Oktoba, viwanja vya mbele vya nyumba nyingi za Marekani hugeuka makaburi. Mawe ya bandia huchomekwa kwenye nyasi, vidole vya mifupa huchomoza ardhini, majeneza huegemezwa barazani, na tandabui hutandwa kutoka dirisha hadi dirisha. Hayo ni maandalizi ya Halloween, usiku wa 31 Oktoba, mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Asili yake kwa kawaida hufuatiliwa hadi Samhain, sikukuu ya kale ya Waselti wa Ireland na Scotland iliyofunga mavuno na kufungua nusu ya giza ya mwaka. Wahamiaji wa Ireland waliivusha bahari ya Atlantiki katika karne ya 19, na zile taa zenye sura za kutisha walizozoea kuchonga kwenye tanipu wakaanza kuzichonga kwenye maboga, ambayo huko yalikuwa tele na makubwa zaidi. Siku hizi watoto huvaa kama mizimu na wachawi, hupita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi, na wenyeji huwagawia peremende. Familia inayohamia huko kutoka Goma, Bujumbura au Mombasa hukutana na desturi hii mwaka wake wa kwanza, itake isitake: taa ya baraza ikiwaka tu, hodi itapigwa.

Wafanyabiashara wameshaiwahi sherehe hii. Mwaka 2020 maduka ya Home Depot yalitoa kiunzi cha mifupa cha plastiki chenye urefu wa futi 12, karibu mita 3 na sentimita 70, kwa dola 299, na kikagombewa. Pamoja na hayo, wapo wengi wanaojifungia gereji kuanzia Agosti wakitengeneza vitisho vyao kwa mikono. Hao hugundua mapema kwamba kuunda umbo ndiyo kazi nyepesi. Fuvu linauzwa dukani, na jeneza ni mbao chache na misumari. Kinachowashinda ni kukifanya kitu kilichonunuliwa jana kionekane kimelala ardhini miaka mia. Njia inayokimbiliwa ni kukipaka rangi ya kahawia na nyeusi kila mahali, na kinachopatikana ni kitu kipya chenye rangi ya kahawia na nyeusi. Sababu, kwa maoni yangu, ni kwamba jicho la mtu wa kawaida haliridhiki na uchafu peke yake, linataka kujua uchafu huo umetoka wapi. Kila doa limeachwa na tukio: maji yalipita, mkono ulishika, jua lilichoma, mdudu alikula. Hata asiyejua kemia wala sanaa amekuwa akizisoma alama hizo tangu utotoni, kwenye kuta, sufuria, milango na nguo. Zikipangwa ovyo huhisi uongo kabla hajaweza kusema uongo wenyewe uko wapi. Anayetaka kutisha, basi, aanze na maswali ya mpelelezi: hapa palitokea nini, kilitoka upande gani, na kiliendelea kwa muda gani?

Kuna kisa kimoja cha kweli kinacholithibitisha jambo hili kwa kulipindua. Mwaka 1911 jambazi wa treni aliyeitwa Elmer McCurdy aliuawa kwa risasi na maofisa wa sheria huko Oklahoma. Maiti yake ilihifadhiwa kwa dawa yenye aseniki, na kwa kuwa hakuna ndugu aliyekuja kuichukua, mwenye nyumba ya mazishi akaanza kuionyesha kwa malipo. Baadaye ikaangukia kwa wafanya maonyesho, ikazungushwa nchini kwa miongo kadhaa na kubadilisha wenyewe, hadi waliokuwa nayo wakawa wanaamini ni sanamu. Desemba 1976, watayarishaji wa mfululizo wa televisheni wa The Six Million Dollar Man walikuwa wakijiandaa kupiga picha ndani ya nyumba ya vitisho katika bustani ya michezo ya Long Beach, California. Mmoja wao alipoisogeza ile sanamu iliyokuwa ikining'inia, mkono ukakatika, na ndani ukaonekana mfupa wa mtu. Alikuwa McCurdy, amefunikwa kwa matabaka ya nta na rangi ya kung'aa gizani. Alizikwa Aprili 1977 mjini Guthrie, Oklahoma. Mtu anaweza kusema ni mahali palipowadanganya watu, maana ndani ya nyumba ya vitisho nani atarajie maiti? Kweli, na sehemu ya sababu ni hiyo. Lakini waliokuwapo siku ile walikuwa watu ambao kazi yao ni kupima kipi kitaonekana cha kweli mbele ya kamera, na maiti ya miaka 65 haikuwapa sababu ya kushuku chochote. Nta na rangi zilikuwa zimefuta kila alama ya yaliyompata marehemu, na bila alama hizo hata mwili wa mtu hugeuka kifaa cha maonyesho.

Kosa hilohilo la kufunika badala ya kueleza huonekana zaidi kwenye mawe ya makaburi, ambayo ndiyo yanayotengenezwa kwa wingi. Malighafi yake ni povu gumu la polistirini, yale mabao ya waridi au buluu ambayo wajenzi wa Marekani huyaweka ndani ya kuta kuzuia baridi. Hukatwa kwa kisu, maandishi huchongwa kwa ncha yenye moto, kisha hupakwa kwa sponji rangi ya maji ya kijivu. Mpaka hapo kazi inapendeza. Halafu mtengenezaji anazimua rangi nyeusi kwa maji na kulipaka jiwe zima kwa usawa, na hapo ndipo anapoliharibu. Tazama jiwe la kweli linavyochakaa. Marumaru na mawe ya chokaa ni kalsiamu kaboneti. Mvua yenye asidi, ambayo miji ya viwanda iliizalisha kwa kuchoma makaa ya mawe, huyala mawe hayo polepole, na hewa chafu huugeuza uso wake kuwa jasi. Pale mvua inapopiga, jasi huoshwa na jiwe hubaki jeupe, ingawa limelika na herufi zake zimefifia. Pale mvua isipofika, chini ya ukingo na ndani ya mikunjo ya michongo, jasi hubaki, hushika masizi na kuwa gamba jeusi. Kwa hiyo weusi wa marumaru ya mjini hukaa mahali pakavu, kinyume na anavyodhani mpakaji wa kukisia. Kwenye kuta za chokaa za pwani yenye joto mambo hugeuka: katika Mji Mkongwe wa Zanzibar nyumba huwa nyeusi hasa pale maji ya paa yanapotiririkia, kwa sababu kinachoota huko ni kuvu na mwani, navyo hufuata unyevu. Madoa mawili yanafanana kwa rangi, na sababu zake zinapingana.

Ukishaijua sababu, mbinu hujileta. Kama jiwe lako ni la makaburi yenye unyevu, lisimamishe wima, ulilowanishe kwa chupa ya kupulizia maji, kisha udondoshe rangi nyeusi iliyozimuliwa sana kwenye ukingo wa juu na uyaache maji yenyewe yachore michirizi. Mkono wa mtu hauwezi kuchora mchirizi kama maji yanavyouchora, kwa hiyo usijaribu. Sehemu ya chini, kiasi cha shibiri moja kutoka ardhini, ipate matone ya rangi ya udongo, kwa sababu mvua ikipiga ardhi hurusha tope juu. Yale mabaka ya kijivu na kijani yanayoota juu ya mawe huwa ya mviringo na hukua taratibu mno. Aina nyingine hazifikishi milimita moja kwa mwaka, hivyo baka lenye upana wa kiganja ni tangazo la miaka mingi. Na kama makaburi yanatunzwa, mashine ya kukatia nyasi huwa imekwaruza kingo za chini za mawe. Alama hiyo ndogo, ambayo karibu hakuna anayeikumbuka, husadikisha kuliko fuvu lililochongwa juu. Tahadhari moja: rangi ya kupuliza ya kopo huwa na kiyeyusho kinachokula polistirini. Wengine huitumia makusudi kutoboa vishimo vinavyofanana na vya mmomonyoko, na asiyejua hupoteza jiwe lote kwa dakika chache.

Viunzi vya mifupa ndivyo vyenye mengi ya kujifunza. Plastiki ya dukani ni nyeupe, na weupe huo una maana yake, ila ni maana isiyofaa kaburini. Mfupa mbichi una mafuta na rangi yake ni ya manjano hafifu. Ukiachwa juani, jangwani au porini, jua huufanya mweupe. Ukifukiwa, hunywa rangi ya udongo unaouzunguka na kuwa wa kahawia. Kiunzi cheupe kinachotoka ardhini, basi, kimebeba habari za mahali pengine. Mafundi wa Marekani wana njia yao ya kukiponya. Huchukua ile nailoni nyembamba ya kufunikia sakafu wakati wa kupaka rangi, hukizungushia kiunzi matabaka mawili au matatu, kisha huipuliza kwa mashine ya hewa ya moto. Nailoni ya namna hiyo huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 110 hivi za Selsiasi. Hujikunja, hunata kwenye mbavu, hutoboka hapa na pale, na kufanana na ngozi iliyokauka juu ya mfupa. Juu yake hupakwa ile rangi ya mafuta ya kahawia ya kutia mbao rangi, na kabla haijakauka hufutwa kwa kitambaa. Katika kufuta huko ndiko kuliko na siri. Rangi hubaki ndani ya matundu ya macho, kati ya meno na kwenye mikunjo ya ngozi, na huondoka kwenye paji la uso, vifundo vya vidole na kingo za mbavu. Mwisho, brashi iliyokaribia kukauka yenye rangi ya pembe za ndovu hupitishwa kwenye miinuko tu. Tokeo linasadikisha kwa kuwa ndivyo vitu vinavyoishi: kilichoinuka husuguliwa, kilichobonyea hukusanya. Bado kuna swali ambalo wengi hawalifiki. Maiti hii ililala vipi? Iliyolala chali iwe nyeusi zaidi mgongoni, upande uliogusa udongo na kupokea majimaji, na vumbi likae usoni na kifuani. Kiunzi kilichochafuliwa sawasawa mbele na nyuma hakikuwahi kulala popote.

Vitu vingine ni vyepesi zaidi. Kitambaa cha melimeli kilichochemshwa ndani ya chai nzito huwa cha kahawia, kwa sababu tanini ya chai hushika kwenye nyuzi za pamba; poliesta haishiki, kwa hiyo soma lebo kabla ya kuinjika sufuria. Ukitaka sanda iliyooza, irarue kwa mikono na kuisugua kwa msasa pale inapogusana na ardhi, kwa kuwa mkasi huacha ukingo ambao hakuna uozo unaoweza kuufanya. Mbao mpya huzeeka kwa chai hiyohiyo ikifuatwa na siki iliyolowekwa pamba ya chuma ya kusugulia sufuria: chuma kilichoyeyuka hukutana na tanini, na ubao huwa kijivu cheusi machoni pako. Rangi iliyopasuka hupatikana kwa kupaka gundi nyeupe ya mbao, kisha, kabla haijakauka, kupaka juu yake rangi ya maji na kuipuliza kwa draya ya nywele. Tabaka la juu hukauka na kusinyaa wakati la chini bado linateleza, nalo hupasuka. Kutu ya kuigiza hufanywa kwa mdalasini wa unga ulionyunyizwa kwenye rangi mbichi, lakini ianzie kwenye misumari na bawaba na kushuka chini, maana maji ndiyo yanayoibeba. Damu ya zamani ni ya kahawia, karibu nyeusi, kwa sababu hemoglobini hubadilika ikikutana na hewa. Damu nyekundu juu ya maiti ya miaka mia ni kichekesho. Kuhusu karatasi, zile kingo zilizounguzwa kwa kiberiti ziachwe. Karatasi ya massa ya mti huwa ya manjano kwa sababu ya lignini inayoharibiwa na hewa na mwanga, kuanzia kingo kwenda ndani. Waraka uliounguzwa pande zote nne kwa usawa unadai kwamba ulinusurika moto uliojua kupima.

Watengeneza filamu waliyafahamu haya zamani. Katika Star Wars ya 1977, George Lucas alitaka vyombo vya angani vionekane vimetumika na kugongwagongwa, na mpambaji wa seti Roger Christian akanunua vyuma chakavu vya ndege ili kuvijenga. Dunia ile ya kubuni ilisadikika kwa kuwa ilionekana kuwapo kabla kamera haijawashwa. Mfano unaoifaa zaidi mada yetu ni Halloween ya John Carpenter, iliyotoka 1978. Filamu inaanza mwaka 1963 kisha inaruka hadi 1978, na nyumba ya akina Myers huonekana katika nyakati zote mbili. Watengenezaji walipata nyumba iliyotelekezwa huko South Pasadena, California, wakaitumia jinsi ilivyo kwa sehemu za 1978, na mwishoni mwa upigaji picha wakaisafisha na kuipaka rangi ili wapige ule mwanzo. Tofauti kati ya picha hizo mbili ndiyo inayompa mtazamaji habari kwamba miaka 15 imepita na hakuna aliyethubutu kuishi humo. Haihitaji mhusika wa kuieleza.

Hapo ndipo linapokuja pingamizi lenye nguvu. Filamu hiyohiyo ina kinyago cha Michael Myers, na kinyago hicho ni safi. Kilikuwa kinyago cha dukani chenye sura ya mwigizaji William Shatner, kilichonunuliwa kwa chini ya dola 2, kikapulizwa rangi nyeupe na kupanuliwa matundu ya macho. Hakina doa, na kimewatisha watu kwa karibu nusu karne. Vilevile Haunted Mansion, nyumba ya mizimu iliyofunguliwa Disneyland tarehe 9 Agosti 1969: michoro ya mwanzo ilionyesha jumba bovu lililozingirwa na magugu, na Walt Disney akakataa kuwa na gofu katika bustani yake nadhifu. Nje ikawa nyumba iliyotunzwa vizuri, na hata hivyo watu hupanga foleni ili watishwe. Je, uchafu si wa lazima? Si wa lazima kwa kila aina ya hofu, na atakayesema ni wa lazima hajatazama vizuri. Usafi uliopita kiasi hutisha kwa kumnyima mtu habari: sura isiyo na alama haisomeki, na hujui inawaza nini. Uchafu hutisha kwa kumpa habari asizozitaka. Ni njia mbili tofauti, na kila moja ina masharti yake. Ndani ya Haunted Mansion yenyewe dari imejaa vitu vilivyofunikwa vumbi, kwa kuwa mle ndani hadithi ni ya watu waliokufa zamani. Anayetengeneza kaburi amekwisha kuchagua hadithi ya muda, na hawezi kuisimulia kwa plastiki inayometa.

Pingamizi la pili ni la watu wa vitendo: sherehe yenyewe ni usiku, watoto wanapita mbio wakiwaza peremende, nani ataona gamba la jasi chini ya ukingo? Hoja hii ina ukweli wa kutosha kubadilisha namna ya kupaka, ila haitoshi kuiacha kazi. Gizani jicho hutumia chembe zisizotambua rangi. Katika karne ya 19 mwanasayansi wa Bohemia Jan Purkyně alieleza kwamba mwanga ukipungua, rangi nyekundu huzama kuwa nyeusi wakati buluu na kijani huonekana kung'aa zaidi. Kwa hiyo damu uliyoihangaikia itaonekana kama lami, na tofauti ndogo kati ya kahawia tatu itapotea. Kinachobaki ni tofauti ya mwangaza na giza pamoja na mikwaruzo na mashimo yanayotupa vivuli. Fundi mjanja huongeza weusi kwenye mabonde na weupe kwenye miinuko kuliko ambavyo mchana ungekubali, kisha huweka taa chini, kando ya kitu, ili kila kipele kirushe kivuli kirefu. Taa iliyoelekezwa usoni moja kwa moja hufuta kazi ya mwezi mzima. Na hukumu itolewe usiku, kutoka barabarani, kwa kimo cha mtoto wa miaka minane, si kwenye meza ya gereji chini ya taa nyeupe.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi kwa msomaji aliyelelewa kuheshimu maiti na makaburi: huu si mchezo na mambo yasiyochezewa? Wapo Wamarekani wengi, hasa wa makanisa, wanaosema hivyohivyo, na nyumba zao huzima taa ya baraza usiku huo. Sioni haja ya kuwabadilisha nia. Ila katika suala la ufundi, heshima na uigizaji mzuri havipingani kama inavyodhaniwa. Mabaki ya wafu, wanyama hata watu, yamekuwa yakitumiwa pale ambapo cha kuigiza hakikuwa kizuri vya kutosha au kilikuwa ghali. Robert Burns, aliyepamba seti za The Texas Chain Saw Massacre ya 1974, alijaza nyumba mifupa halisi ya wanyama kwa sababu bajeti ilikuwa ndogo na mifupa ilipatikana bure. Viunzi vya binadamu vilivyosomewa udaktari katika nchi za Magharibi vilitoka kwa miaka mingi India, mpaka serikali ya nchi hiyo ilipopiga marufuku biashara hiyo mwaka 1985, na nafasi yake kubwa ikachukuliwa na plastiki. McCurdy aliningʼinia kwa sababu mwili wake ulikuwa na thamani sokoni kama kivutio. Kila plastiki inapofanywa isadikishe zaidi, sababu ya mtu kutaka mfupa wa kweli hupungua. Na ujuzi wenyewe haufungwi na Oktoba: mtayarishaji wa tamthilia Dar es Salaam au Nairobi anayehitaji barua ya mwaka 1905 au sare ya askari wa Vita Kuu ya Kwanza atatumia chai ileile na brashi ileile.

Wengine watauliza kwa nini mtu asiokote tu vitu vilivyochakaa kweli. Aviokote, ila avichunguze kwanza. Ubao wa zamani unaweza kuwa na rangi yenye risasi, nguo iliyooza ina kuvu, na msumari wenye kutu utamchoma mtoto wa jirani. Uchakavu wa kuigiza nao una hatari zake, na hazitajwi vya kutosha. Nailoni na polistirini zikipashwa moto hutoa moshi usiofaa kuvutwa, kwa hiyo kazi ifanyiwe nje. Unga laini wa udongo ambao studio za filamu huutumia kama vumbi unaweza kuwa na silika inayoumiza mapafu. Barakoa ivaliwe, au litumike vumbi lililochanganywa na gundi ili lisiruke. Vitambaa vilivyowekwa mafuta ya kutia mbao rangi vikifinyangwa na kutupwa pembeni vinaweza kujiwasha vyenyewe, basi vianikwe vikauke kabla ya kutupwa. Melimeli iliyoraruliwa hushika moto upesi kupita kitambaa kizima, na mshumaa ndani ya boga uko kwenye kimo cha gauni la mtoto, ndiyo maana taa ndogo ya betri inafaa zaidi. Utando wa buibui wa poliesta unaovutwa juu ya vichaka hunasa ndege na popo kwelikweli. Uvutwe barazani au ndani ya dirisha, mwembamba hadi ukaribie kutoonekana, uanzie kwenye pembe ambako buibui angeuanzishia, na utolewe asubuhi ya 1 Novemba.